Fadhila Zilizovaa Chokaa: Tashihisi katika Kuta za Palermo na Zidaka za Pate

Miongoni mwa dhana ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana nazo mapema, na kuziacha mapema vilevile, ni tashihisi. Hufundishwa katika orodha ya tamathali za usemi, mahali fulani baina ya tashbihi na takriri. Hufasiliwa kuwa ni kukipa kitu kisicho na utu sifa za binadamu, hutolewa mfano wa upepo unaopiga mbinja au jua linalotabasamu, kisha somo likaendelea. Orodha yenyewe aghalabu huitwa mapambo ya lugha. Neno hilo pambo halikuzaliwa katika somo la ushairi. Bibi arusi hupambwa, nyumba hupambwa, na kinachodokezwa ni kwamba bibi arusi alikuwapo kabla ya pambo na atabaki baada ya pambo kuvuliwa. Mhakiki anayeiita tashihisi pambo amekwisha kutoa hukumu: kuna wazo, na kuna nguo lililovikwa, na wazo laweza kutembea bila ya nguo.

Hukumu hiyo inafaa kupimwa mahali ambapo tashihisi ilikuwa pambo la ukuta kwa maana halisi. Mahali hapo ni Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicilia, kati ya miaka ya 1680 na 1720. Huko fundi mmoja aitwaye Giacomo Serpotta alijaza kuta za kumbi za sala kwa sanamu za plasta zenye kuchomoza ukutani, nyingi zikiwa ni Fadhila zilizopewa miili ya wanawake: Imani, Mapendo, Haki, Ushujaa, Ukarimu. Makala haya yanazichunguza sanamu hizo kwa jicho la mhakiki wa fasihi, kisha yanarejea katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako chokaa ilichongwa kwa ustadi mkubwa katika karne hiyohiyo ya 18 bila ya kuchongwa mtu hata mmoja.

Serpotta alizaliwa Palermo mwaka 1656 na kufa hukohuko mwaka 1732. Baba yake, Gaspare, alikuwa mchongaji pia. Alihukumiwa kutumikia merikebu za makasia na akafia katika adhabu hiyo, Giacomo angali kijana. Ndugu yake Giuseppe na baadaye mwanawe Procopio walifanya kazi hiyohiyo ya plasta, kwa hiyo jina la Serpotta ni jina la karakana sawa na lilivyo jina la mtu. Kitabu cha Donald Garstang kilichochapishwa London mwaka 1984 kilimweka fundi huyu ndani ya historia ndefu ya mafundi wa plasta wa Palermo, kuanzia mwaka 1560 hadi 1790, na tangu hapo imekuwa vigumu kumzungumzia kana kwamba alichipuka peke yake kama uyoga baada ya mvua.

Yafaa kueleza kazi yenyewe, maana hoja nyingi za baadaye zinaitegemea. Fundi wa plasta huanza na mifupa: mbao, nyaya, matete, vitambaa. Juu ya mifupa hiyo hupandikiza nyama ya chokaa, mchanga na jasi. Jasi hukauka upesi, na fundi hana budi kuamua umbo la shavu au mkunjo wa nguo wakati mchanganyiko ungali laini. Mwisho huja ngozi, tabaka jembamba la chokaa iliyoloweshwa muda mrefu pamoja na unga wa marumaru, linalosuguliwa hadi ling'ae. Wataliano huita umalizaji huo allustratura, na Serpotta ndiye anayesifiwa kwa kuufikisha upeoni, kiasi kwamba mtazamaji wa mbali hudhani ameona marumaru. Lakini tofauti na marumaru ni kubwa. Mchongaji wa jiwe huondoa. Fundi wa plasta huongeza. Jiwe huweza kuletwa ukumbini likiwa limekwisha kuchongwa na huweza kuhamishwa. Plasta huota ukutani, na anayetaka kuiondoa lazima aivunje.

Walioagiza kazi hizi hawakuwa wafalme. Walikuwa vyama vya walei wa Kikatoliki, vya wafanyabiashara, mafundi na waungwana wa mjini, waliokutana kusali, kutoa sadaka na kuzikana. Kila chama kilikuwa na ukumbi wake wa sala uitwao oratorio. Nje, ukumbi huo ni jengo la kawaida tu ambalo mpita njia angeweza kulikosa. Ndani ni jambo jingine. Chokaa na jasi zilipatikana kwa bei ambayo chama kingeimudu, ilhali marumaru ya kiasi hicho yangewafilisi. Kazi tatu ndizo zinazotajwa zaidi: ukumbi wa Rozari wa Santa Cita, ulioanzwa katikati ya miaka ya 1680, ukumbi wa San Lorenzo, uliopambwa karne ya 17 ikiisha na ya 18 ikianza, na ukumbi wa Rozari wa San Domenico, wa muongo wa 1710.

Nyuma ya sanamu hizi kuna maandishi, na hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopata haki ya kusema. Desturi ya kuzipa fadhila miili ni ya washairi kabla ya kuwa ya wachongaji. Mapema katika karne ya 5, mshairi wa Kilatini Prudentius alitunga utenzi uitwao Psychomachia, ambamo fadhila na maovu hupigana vita kama askari. Zama za Kati ziliendelea kuusoma na kuuchora. Kisha mwaka 1593 Cesare Ripa alichapisha mjini Roma kitabu chake Iconologia, ambacho chaweza kuelezwa kuwa ni kamusi ya tashihisi. Kimepangwa kwa alfabeti, na kila dhana imeelezwa ivae nini, ishike nini, isimame vipi na kwa sababu gani. Toleo la kwanza halikuwa na picha. Picha ziliingia katika toleo la mwaka 1603. Maana yake ni kwamba kwa miaka 10 ya mwanzo Ukweli, Busara na Mapendo walikuwa ni wanawake wa maneno matupu, na msanii alitakiwa kuwasoma kabla ya kuwaona. (Mwaka huohuo wa 1593 ndipo Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kwa ramani ya Mtaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mambo haya mawili hayana uhusiano, ila ni vyema kukumbuka kwamba kalenda ni moja.)

Kamusi ya Ripa ina sarufi yake, na sarufi hiyo haiwezi kutenganishwa na sarufi ya lugha. Kwa nini Fadhila karibu zote ni wanawake? Jibu la haraka litataja heshima kwa mwanamke, au labda macho ya wanaume waliolipa gharama. Yote mawili yana ukweli, lakini lipo jibu lililo karibu zaidi. Katika Kilatini na Kitaliano majina ya fadhila ni ya jinsia ya kike: fede, speranza, carità, giustizia, fortezza. Dhana inapopewa mwili hufuata jinsia ya jina lake. Ripa alipofika kwenye furore, yaani ghadhabu isiyozuilika, ambalo ni jina la kiume, alieleza mwanamume. Tashihisi, basi, ilikuwamo katika lugha kabla ya mshairi kufika. Alichofanya mshairi ni kuiamsha.

Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo, lakini kina ngeli, na ngeli hufanya kazi inayokaribiana nayo ambayo vitabu vya tamathali havijaitilia maanani ya kutosha. Tuseme mtunzi ameandika "haki imelala". Amesema jambo la kawaida, sitiari iliyochakaa. Akiandika "haki amelala", amevunja upatanisho wa kisarufi na kumleta mtu chumbani. Kiambishi kimoja kimebadilika. Hakuna nguo wala pambo lililoongezwa. Kilichobadilika ni uwepo wenyewe wa kinachotajwa. Zaidi ya hayo, Haki huyu si mwanamume wala si mwanamke, jambo ambalo fundi wa Palermo asingeweza kulitimiza hata angetaka, kwa kuwa mwili wa plasta hauna budi kuchagua. Wala si mchezo wa kinadharia tu. Katika jamii ambamo watoto huitwa Imani, Neema, Rehema na Baraka, sentensi "Imani amechelewa" husikika kila siku mlangoni pa darasa, na anayeisikia huhitaji muktadha kujua kama amechelewa mtoto au fadhila.

Ripa alikuwa na silaha moja ambayo Serpotta alinyimwa, nayo ni rangi. Katika kamusi ile Mapendo huvaa nyekundu, rangi ya moto na damu. Imani huvaa nyeupe. Rangi hizo si za kupendeza macho tu, ni maneno. Serpotta aliziacha kuta zake nyeupe, akagusisha dhahabu hapa na pale katika kifaa kilichoshikwa au ncha ya nguo. Kwa hiyo Fadhila zake zote, kwa kusema hivyo, zimevaa nguo ya Imani. Sehemu nzima ya msamiati wa istiara ilipotea kwa sababu ya mali ghafi iliyotumika. Mtu angetarajia kwamba maana ingedhoofika kwa kadiri hiyo. Kilichotokea ni tofauti kidogo. Kazi iliyofanywa na rangi ilihamishiwa kwenye uzito wa mwili, pembe ya shingo, namna kitambaa kinavyoshika nyonga au kuteleza begani.

Ushujaa wa San Domenico ni mfano ulio wazi. Kamusi inadai nguzo, naye anayo nguzo, ameiegemea. Hilo ni deni kwa Ripa na limelipwa. Lakini mwanamke mwenyewe ni kijana wa mjini, amevaa manyoya ya mbuni kichwani, kwa madaha ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Hana misuli ya askari. Nguzo yenyewe haonekani kuihitaji. Kuna wanaoisoma sanamu hii kuwa ushahidi kwamba istiara ilikuwa imekwisha kufa na kubakia kisingizio: chama kimeomba fadhila, fundi amewapa wanawake wazuri wa Palermo, na kila mtu akaridhika. Usomaji huo una mvuto, hasa kwa sababu unamkomboa msanii kutoka katika mafundisho ya dini na kumfanya afanane na msanii wa zama zetu. Hata hivyo unashindwa kueleza jambo moja. Kama Ushujaa ni mwanamke mzuri tu, kwa nini usahili wake unashtua? Unashtua kwa sababu mtazamaji amekwisha kuisoma nguzo, amengoja shujaa, akapewa binti. Mpasuko ulio kati ya kifaa na mwili ndio unaomlazimisha aulize ushujaa ni nini. Mwanamke huyuhuyu bila ya nguzo asingeuliza chochote.

Jambo hilohilo, kwa uzito zaidi, liko Santa Cita. Ukuta wa nyuma wa ukumbi ule umefunikwa na shuka kubwa la plasta linaloshikiliwa na kundi la vitoto vilivyo uchi, na juu ya shuka hilo zimetawanywa jukwaa ndogondogo, kila moja ikionyesha fumbo la Rozari kwa sanamu zisizozidi urefu wa mkono. Katikati ya ukuta kuna tukio lisilo la Biblia: vita vya Lepanto vya tarehe 7 Oktoba 1571, ambapo merikebu za mataifa ya Kikatoliki zilizishinda zile za Waturuki. Kanisa liliuhesabu ushindi huo kuwa tunda la sala ya Rozari, na chama cha Rozari hakingeweza kuuacha. Merikebu zimesongamana kwa mamia ya makasia membamba. Mtu anayejua mwisho wa Gaspare Serpotta atashawishika kuona kitu cha faragha katika makasia yale. Ushawishi huo ni bora uzuiliwe, kwa kuwa agizo lilitoka kwa chama na merikebu za Lepanto zilikuwa za makasia kwa hali yoyote ile.

Chini ya vita hivyo wameketi wavulana wawili, silaha zimewazunguka. Wahakiki wamezoea kuwasoma kuwa ni mshindi na mshindwa, Mkristo na Mturuki. Usomaji huo unaafiki mahali walipowekwa, na hakuna haja ya kuukataa. Lakini istiara ya ushindi ina kanuni zake za kale: ushindi husimama, kushindwa hulala au hufungwa pingu. Hapa wote wawili wameketi kwa kimo kimoja, wote ni watoto, na wote wana sura ya watu waliochoka kufikiri. Ukumbi mzima unashangilia, vitoto vya plasta vinacheza na kubirukabiruka hadi darini, na katikati ya shangwe wapo wawili wasiocheza. Hakuna kamusi iliyomwagiza Serpotta afanye hivyo. Hapa tashihisi imefika mahali ambapo fasili ya darasani haiwezi kuifuata: haikulipa wazo sifa za binadamu, bali imewaachia binadamu walibebe wazo ambalo chama chenyewe labda hakikutaka kulitamka.

Nadharia ya istiara katika Ulaya ilikuja kuwa na hukumu kali juu ya sanaa ya aina hii. Coleridge mwaka 1816 aliishusha istiara chini ya ishara, akiiona kuwa tafsiri ya kimakanika ya dhana kuwa picha. Na wasomi wa fasihi waliofunzwa kwa vitabu vya Kiingereza, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki, waliirithi dharau hiyo bila ya kuulizwa kama waliitaka. Walter Benjamin, katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu tamthilia za Kijerumani za zama za baroki, alijaribu kuigeuza hukumu. Kwake istiara ina udugu na magofu: yote mawili ni mabaki ambayo maana yake haimo tena ndani yake na inangoja msomaji. Hoja ya Benjamin ina giza katika sehemu nyingi, lakini kwa kuta za Palermo inaangaza kitu. Ripa hasomwi tena na waumini. Mtazamaji wa leo hutambua mizani ya Haki, pengine nanga ya Matumaini, halafu kimya. Miili imebaki mizuri na isiyo na majina, kama jamaa katika picha ya zamani ambao hakuna aliye hai wa kuwataja.

Ukumbi wa San Lorenzo umeongeza kejeli yake hapo. Juu ya altare yake ilining'inia picha ya Kuzaliwa kwa Yesu iliyochorwa na Caravaggio. Mwezi Oktoba 1969 wezi waliikata kutoka kwenye fremu wakaenda nayo, na haijaonekana tena. Mwaka 2015 nakala iliyotengenezwa kwa mitambo ya kidijitali iliwekwa mahali pake. Fadhila za Serpotta zilikuwapo usiku ule na zingalipo. Mapendo ananyonyesha, Sadaka anatoa. Haziwezi kukunjwa. Thamani ya picha ilikuwa katika kuhamishika kwake, ilhali Fadhila ni sehemu ya ukuta na ya watu walioketi chini ya ukuta huo. Kuketi ni neno la kuzingatiwa. Mabenchi ya wanachama, yaliyonakshiwa kwa lulumizi, yamepangwa kandokando ya kuta, kwa hiyo mwanachama hakutazama mbele tu kama afanyavyo muumini kanisani. Alitazama upande wa pili: wenzake, na juu ya vichwa vya wenzake, Fadhila. Mtu ambaye kazi yake ya wiki ilikuwa kutoa sadaka aliketi akiitazama Sadaka, naye mwenzake akamwona yeye akiwa chini ya nyingine. Istiara haikuwa fumbo la kufumbuliwa. Ilikuwa ni kioo kilichowekwa juu kidogo ya kimo cha mtu.

Kutoka hapo hadi visiwa vya Lamu na Pate si mruko usio na daraja, mradi daraja liwe la mali ghafi na wakati, si la kuathiriana. Katika karne ya 18 mafundi wa visiwa hivyo walichoma matumbawe juu ya magogo ili kupata chokaa, wakajenga nyumba za mawe zenye vyumba vilivyofuatana kuelekea ndani, na katika ukuta wa chumba cha ndani kabisa wakachonga zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vyenye kingo zilizonakshiwa kwa majani, vifundo na mistari inayorudiana. Waliichonga lipu kwa kisu ingali mbichi, sawasawa na wenzao wa Palermo waliokuwa wakikimbizana na jasi. Na walijenga kitu ambacho Serpotta naye alikijenga, yaani shimo la ukutani lenye kingo nzuri. Palermo shimo hilo liliwekwa mtu. Pate liliwekwa sahani, bakuli la Kichina, labda kitabu.

Maelezo ya kawaida ni kwamba Uislamu unakataza sanamu. Dini ina nafasi yake bila shaka, lakini maelezo hayo yanaeleza kisichokuwapo na kukiacha kilichokuwapo. Watafiti kadha wa miaka ya 1980 walidokeza kwamba zidaka na vyombo vyake vilikuwa na kazi ya kinga katika chumba ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa. Madokezo hayo yakikubalika hata kwa nusu, basi ukuta wa Pate ulikuwa na maana nzito bila ya kumpa mtu yeyote mwili.

Mwili uliletwa na mshairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, kwa ukadiriaji wa wengi mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Pate ulikuwa umeporomoka. Utenzi unazungumza na moyo. Mshairi anauita, anaulaumu, anaukalisha chini kama mtoto mkaidi na kuutaka utazame. Hiyo ni tashihisi, na msomaji ajaribu kuiondoa kama pambo: asibakishe mtu wa kuonywa, na pasipo mtu wa kuonywa hapana utenzi. Moyo hauna nguzo wala mizani wala nguo. Una sikio tu, na hilo latosha. Kisha kinachoonyeshwa moyo huo ni nyumba. Taa zimezimika, wadudu wanalia katika kumbi, na katika zidaka zilizokuwa za sahani wamelala makinda ya ndege.

Wahakiki wa Al-Inkishafi wamezoea kuligawa shairi hili sehemu mbili, mawaidha na taswira, kisha wakasifu taswira na kuyavumilia mawaidha. Kuta za Palermo zinatia shaka mgawanyo huo. Serpotta alikuwa na kishubaka tupu na akapewa jina la fadhila la kukijaza. Sayyid Abdallah alikuwa na kishubaka kilichokuwa kimejaa akakitazama kikiwa tupu, na utupu huo ndio uliobeba kazi ambayo Fadhila ilifanya kwingine. Mwanachama wa San Lorenzo aliinua macho akaona atakalotakiwa kutenda. Moyo wa Pate umeinuliwa macho ukaona waliotenda wamekwenda wapi. Taswira ya ndege ndiyo mawaidha yenyewe, kama vile manyoya ya mbuni juu ya kichwa cha Ushujaa ndiyo swali lenyewe kuhusu ushujaa.

Juu ya nguzo ya Ushujaa wa San Domenico anapanda mjusi mdogo wa plasta. Mgeni humwona akastaajabia jinsi alivyoigwa, akaendelea na safari yake. Msicilia husoma sahihi, kwa kuwa katika lahaja yake jina la mnyama huyo, sirpuzza, linalandana na jina la Serpotta. Ndege wa Pate wana tatizo linalokaribiana na hilo kila wanapovushwa kwenda lugha nyingine. Zidaka zikitafsiriwa kuwa matundu ya ukutani tu, makinda yamepata mahali pa kulala na habari imekwisha. Kumbe wamelala katika chumba cha ndani, nyuma ya misana yote, ambamo mwanamume asiyekuwa wa nyumba hakuingia. Na mshairi, ili awaone, hakuhitaji kubisha hodi.